Msanii asibebeshwe lawama za darasani

Mhariri,

Picha ya utupu ikitokea ghafla ukutani mwa darasa, lawama hutupiwa msanii aliyeichora, au mtandao. Sisi tunaofundisha sanaa hapa Kisumu tunasema lawama hizo zimepotea njia. Msanii aliyeweka alama kwamba kazi yake ni ya watu wazima ametimiza wajibu wake. Watoto waone nini ni uamuzi wa mwalimu aliyeshika kompyuta.

Filamu huainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya (KFCB), lakini alama ya umri kwenye mchoro wa mtandaoni kwa kawaida huwekwa na aliyeupakia, naye huweza kusahau. Tena picha zenye alama hiyo kufichwa au kuonyeshwa mara nyingi hufuata mipangilio ya akaunti ya mtazamaji. Mwalimu aliyeruhusu picha za watu wazima akiwa nyumbani, akiingia kwa akaunti iyo hiyo shuleni, projekta haitaficha kitu. Hapo ndipo wengi huteleza. Wengine hutegemea kichujio cha waifai ya shule, kisha intaneti ikilegea wanawasha bando la simu, ambalo halipitii kichujio hicho kamwe.

Kazi yenyewe ni ya jioni kabla ya kipindi. Ifungue picha kwa ukubwa wake wote, kwa maana ile ndogo ya kwenye matokeo huenda imekatwa kingo, na chenye kuudhi kikawa pembeni. Ihifadhi kwenye flashi pamoja na jina la msanii na mwaka. Darasani fungua faili, usifungue kiungo: kiungo huja na maoni ya watazamaji na mapendekezo ya pembeni, na mwenye ukurasa anaweza kubadilisha picha asubuhi iyo hiyo. Ukilazimika kutafuta kitu papo hapo, ziba lenzi ya projekta kwanza. SafeSearch, mpangilio wa Google wa kuficha picha za watu wazima kwenye matokeo, iwekwe kwenye kuchuja. Kutia ukungu pekee hakutoshi, kwani picha hufunguka kwa kubofya tu. Ruta ya shule ikiwekewa DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) ya 1.1.1.3 huzuia tovuti za ngono, ila haikagui picha mojamoja ndani ya tovuti iliyoruhusiwa.

Hata hivyo, tunapinga vikali kufuta kila mwili usio na nguo. Sanamu ya Daudi, aliyoichonga Michelangelo kati ya 1501 na 1504, hufundisha jinsi uzito ukiegemea mguu mmoja nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huo huo kushuka. Ivishe joho, somo limekwisha. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 aliyechagua mkondo wa sanaa anahitaji kuliona hilo. Kwa madarasa ya chini, vinyago vya mawe ya Tabaka, Kisii, vinatosha kabisa kuonyesha umbo la mtu.

Tunawaomba wakuu wa shule wadai orodha ya picha za muhula wiki moja kabla ya kufungua, na mzazi anayeuliza aonyeshwe orodha hiyo pamoja na picha zenyewe.

Walimu wa sanaa,
Kisumu