Kaka, swali langu bado liko palepale

Kaka,

Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi nakuandikia hapa ambapo hata madiwani wako watasoma. Utasema nakuaibisha. Sema.

Jana nilikuwa napanga nguo za Baba, nikakuta ile saa yake ya kubonyeza. Kioo kina ufa lakini inatembea. Mwaka 1974 alimsikia Filbert Bayi redioni, kule Christchurch, akiongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi kwenye utepe, 3:32.2, rekodi ya dunia, na kuanzia hapo kwake hapakuwa na namna nyingine ya kukimbia. Anasimama kwenye kona ya uwanja na kandambili zake: "Mbele! Mbele kama Bayi!" Ukakimbia hivyo UMISSETA, michezo ya sekondari, ukakimbia hivyo chuoni Mlimani, asubuhi mahesabu ya uhandisi, jioni uwanjani. Nani alikuwa anafua zile raba likizo? Nilizifua kwa raha, sidai.

Ulipoacha kazi ya ujenzi ukagombea udiwani, chai ya wajumbe nilipika mimi. Madiwani wenzako walipokuchagua kuwa meya nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Usiku ule Baba alisema, "Uhandisi ungemtosha." Sikukuambia. Sasa umejua.

Siku ya maziko gari la maiti liliishia korongoni. Mvua ilikuwa imezoa kalvati. Vijana wa mtaa wakabeba jeneza mabegani, maji yako magotini, likawa linalala upande, wanaliinua, linalala tena. Wewe ulikuwa safarini. Hilo nilishalisamehe.

Nisichokisamehe ni kesho yake. Nimeshika mwiko kwenye sufuria la wali wa msibani, nakuona umeshuka garini, umesimama palepale korongoni. Hukuingia kwa Mama. Ulivua viatu, ukakunja suruali ya suti, ukaanza kupima kwa hatua huku kijana wako anaandika. "Bomba moja halitoshi. Weka mawili, ya sentimita tisini." Baba hajalala udongoni hata siku mbili!

Nikakufuata na mwiko wangu. Ukanieleza mbele za watu, kwa ile sauti ya kikao, kwamba barabara za mitaa zilitolewa halmashauri tangu 2017 zikapewa wakala wa barabara, TARURA, kwamba fedha ziko kwa mkurugenzi, meya anaongoza baraza tu. Ni kweli, nimeulizia. Lakini mimi nikasema, "Sasa wewe ni meya wa nini?" Watu wakacheka. Kile kicheko sikukitaka.

Nikushauri, ingawa mimi ni mdogo wako: mtu akifiwa huingia ndani kwanza, akamshika mama yake mkono, makorongo yatamsubiri. Mimi ndivyo nilivyofanya. Miezi sita namgeuza Baba kitandani, genge langu nimelifunga, nyanya zimeozea kwenye tenga, na hakuna aliyeniita mstahiki. Swali moja tu nilikuwa nalo, na haki ya kuliuliza nilikuwa nayo.

Tena usiku ule (wasomaji mnisamehe, hili ni la nyumbani) nilikusikia nyuma ya banda la kuku. Ulikuwa unalia kama ulivyolia mwaka ule ulipochanika msuli wa paja. Nilikuwa na taa mkononi. Nikaizima, nikarudi ndani. Ningekuja ningesema nini? Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye ungeanza.

Juzi mafundi wamekuja korongoni. Wameshusha mabomba mawili. Walipoondoka nikaenda na tepu yangu ya cherehani: sentimita tisini, yote mawili. Nilimuuliza fundi nani kaagiza, akasema yeye kapewa mchoro tu.

Mama ameniuliza ile saa nitampa nani. Nimemwambia unakuja kuichukua Jumapili.