Chati za uwekezaji zianzie mahali pamoja

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalotugusa wengi huku Lamu, nalo ni namna chati za uwekezaji zinavyochorwa katika magazeti yetu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akiba hapa Langoni, na kila tunapokutana kuamua fedha za wanachama ziende wapi kati ya hisa, hatifungani za serikali (yaani fedha tunazoikopesha serikali kwa riba), dhahabu na viwanja, hakosi mtu wa kuja na kipande cha gazeti, kidole chake kikiwa juu ya mstari unaopanda. Mstari huo aghalabu huwa wa kweli, lakini huwa umechorwa peke yake.

Chukua mfano wa hisa za Safaricom. Ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa Sh5, zikashuka chini ya Sh3 mwaka uliofuata, zikapanda kupita Sh40 mwaka 2021, kisha zikawa chini ya Sh15 kufikia mwisho wa 2023. Anayeanza chati yake mwaka 2009 ataonyesha utajiri na anayeanza 2021 ataonyesha msiba, na wote wawili watakuwa wametumia takwimu sahihi. Hakuna muuza boriti hapa kwetu anayelinganisha urefu wa boriti mbili huku moja imesimama juu ya baraza na nyingine chini mchangani. Ndiyo maana naomba aina zote za mali zianzie tarehe moja, kila moja ikihesabiwa kuwa 100 siku hiyo, na zihesabiwe kwa shilingi, gawio na faida zote zikiwa zimejumlishwa, pamoja na mstari wa mfumuko wa bei chini yake ili tuone ni mali gani kweli imekua. Muda nao uwe mrefu. Wanaosema miaka kumi yatosha waitazame fahirisi ya Nikkei, kipimo cha bei za hisa za Japani, iliyofika kilele mwishoni mwa Desemba 1989 na isikipite kilele hicho hadi Februari 2024.

Penye utata mkubwa zaidi ni hatifungani. Riba ya hati za serikali za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi, ilikuwa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, na mwaka mmoja baadaye ikawa imeshuka hadi karibu asilimia 8. Mzee mmoja aliuona mstari huo ukiteremka, akawasihi walio na hatifungani za miaka mingi wauze upesi kabla mali yao haijaisha thamani. Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Aliyenunua hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024, yenye riba ya takriban asilimia 18.46, anaendelea kulipwa kiwango kile kile, na bei yake sokoni hupanda kadiri riba mpya zinavyoshuka, kwa kuwa mnunuzi wa leo hapati tena nyingine inayolipa kiasi hicho. Chati ya riba na chati ya thamani ya hatifungani huenda pande tofauti, na gazeti linalochapisha ya kwanza bila ya pili, hata bila sentensi moja ya kueleza, humpeleka msomaji kwenye uamuzi mbaya. (Wengi wetu hapa hujiepusha na riba kwa sababu ya dini, kwao ningependa sukuk, hati za uwekezaji za Kiislamu zisizolipa riba, nazo zipewe mstari wake.)

Dhahabu nayo huchorwa kwa dola, ilhali sisi tunanunua kwa shilingi. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh160, na kufikia Aprili ilikuwa karibu Sh130. Katika miezi hiyo mstari wa dhahabu kwa dola ulikuwa ukipanda, lakini kwa shilingi dhahabu ile ile ilikuwa imepungua bei.

Sitarajii chati initabirie bei ya kesho. Ninachotaka kuona ni kina cha anguko la kila aina ya mali, na ni zipi huanguka pamoja. Fahirisi ya hisa 20 za soko la Nairobi ilipita 6,000 Januari 2007, na kufikia Machi 2009 ilikuwa chini ya 2,500. Fedha za karo ya Januari ijayo haziwezi kungojea hasara kama hiyo ipone. Fedha za mtoto aliye chekechea zinaweza. Kama chama kimekubaliana robo ya akiba iwe hisa, na hisa zikapanda hadi kuwa karibu nusu, chati ndiyo itakayotuambia kwamba wakati wa kupunguza umefika, hata kama kila mtu barazani anasifu hisa.

Limebaki suala la ardhi, na hapa ndipo wakazi wa pwani tunapoumizwa zaidi. Nimeletewa karatasi ya matangazo ya viwanja vya Malindi yenye mstari mnene unaopaa, na nilipoutazama kwa makini nikakuta umeunganisha nukta tatu tu, zote zikiwa bei alizotaja muuzaji mwenyewe, wala hakuna hata moja ambayo mnunuzi alilipa. Chati za ardhi zinazochapishwa magazetini kwa kawaida ni za Nairobi na viunga vyake. Hata hivyo takwimu za kweli zipo: kila kiwanja kinapohamishwa hukadiriwa thamani ili ushuru wa stempu ulipwe, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Nakuomba, Mhariri, gazeti lako liiandikie Wizara ya Ardhi kuomba wastani wa makadirio hayo kwa kaunti za Lamu na Kilifi, mwaka kwa mwaka, bila majina ya wenye viwanja, na litakachopewa likichapishe kwenye chati moja na hisa, hatifungani na dhahabu.

Mweka hazina wa chama,
Langoni, Lamu