Kishikwambi kina nini ambacho simu yako haina?

Mteja anayetafuta kishikwambi huuliza kwanza kina GB ngapi, halafu anauliza kamera. Majibu ya maswali hayo hayamfikishi mbali, kwa sababu yanafanana mno na ya simu iliyo tayari mfukoni mwake. Samsung Galaxy Tab A9 inaendeshwa na prosesa ya Helio G99, ileile iliyomo kwenye simu nyingi za bei ya kati. iPad iliyotoka Machi 2025 ina A16, chipu ambayo Apple waliiweka kwanza kwenye iPhone 14 Pro mwaka 2022. Hata iPad ya kwanza kabisa, iliyoingia sokoni Aprili 2010, ilitumia chipu ya A4, na Juni mwaka huohuo chipu hiyo ikawa ndani ya iPhone 4.

Kwa hiyo usitegemee kishikwambi kiende mbio kuliko simu nzuri. Kamera yake kwa kawaida ni duni kuliko ya simu ya bei hiyohiyo, na vingi havina hata mtetemo wa kukushtua ujumbe ukiingia. Unacholipia ni upana wa kioo. Kama kazi yako inahitaji upana huo, kishikwambi kitakufaa kuliko simu yoyote. Kama haiuhitaji, fedha hiyo iongeze kwenye simu.

Upana wenyewe, kwa sentimita

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kutoka kona hadi kona, na ndiyo maana zinapoteza watu. Inchi 6.5 za simu na inchi 11 za kishikwambi zinasikika kama tofauti ndogo. Ukipima eneo, kioo cha simu ya inchi 6.5 kina takriban sentimita za mraba 102, na kile cha inchi 11 kina takriban 350. Hiyo ni zaidi ya mara tatu. Kishikwambi kidogo cha inchi 8.7 kina kama 215, yaani mara mbili ya simu.

Sasa chukua karatasi ya A4, ambayo upana wake ni sentimita 21, maana PDF nyingi za shule, mikataba, ankara na fomu za ofisi zimepangwa kwa ukubwa huo. Kioo cha simu hiyo kikisimama kina upana wa karibu sentimita 6.8. Herufi zilizochapwa kwa saizi ya 12 zinaonekana kama saizi ya 4, ndogo kuliko maandishi ya karatasi ya maelezo ndani ya boksi la dawa. Kwenye inchi 8.7 zinakuwa kama 6.5, zinasomeka kwa shida. Kwenye inchi 11 zinakuwa kama 8.5, saizi ya gazeti, na ukurasa mzima unaonekana kwa mara moja.

Kuna anayesema atailaza simu. Ni kweli, simu ikilazwa inakupa herufi kubwa karibu sawa na za kishikwambi cha inchi 11 kilichosimamishwa. Lakini utaona chini ya theluthi moja ya ukurasa. Kwa hadithi au habari hilo halina neno, unasogeza tu. Kwa swali la hesabu lenye mchoro juu na vipengele chini, au jedwali ambalo vichwa vya safu vimekwisha kupotea juu, ni mateso.

Jipime kabla hujatoa hela. Fungua kwenye simu waraka unaoutumia zaidi kwa wiki, fanya nao kazi dakika 10, uhesabu mara ulizotanua kwa vidole viwili na kuburuta kushoto na kulia. Zikiwa mbili tatu, simu inatosha. Ukitanua kila baada ya mistari michache, shida yako ni kioo, na hakuna simu mpya itakayoiondoa.

Jambo moja ambalo wauzaji wengi hulinyamazia ni pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha kwenye kioo. Galaxy Tab A9 ya inchi 8.7 ina pikseli 1340 kwa 800. Zidisha, utapata milioni 1.07. Simu ya bei ya chini yenye 1600 kwa 720 ina milioni 1.15. Maana yake kishikwambi hicho kinaonyesha nukta chache kuliko simu hiyo, ila kila nukta ni kubwa zaidi. Kwa katuni za watoto na video hutaona kasoro. Kwa kusoma maandishi madogo saa nzima, macho yatachoka. Msomaji achukue kuanzia pikseli 1920 kwa 1200, kama Tab A9+ ya inchi 11.

Nani anafaidika, nani hafaidiki

Mwanafunzi anayesoma vitabu vya kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania anafaidika sana. Vivyo hivyo karani wa stoo anayefanya kazi na jedwali lenye safu 8 au 10, fundi anayesoma ramani ya nyumba, mwalimu wa kwaya mwenye noti kwenye PDF, na muuzaji anayemwonyesha mteja bidhaa huku wote wawili wakitazama kioo kimoja. Sensa ya Agosti 2022 hapa Tanzania ilifanywa kwa vishikwambi, na baadaye vikaenda kwa walimu. Dodoso refu lenye maswali ya kila mtu wa kaya hujazika kwa makosa machache zaidi pale karani anapoona swali, majibu yake na mtu anayemhusu bila kusogeza kioo.

Anayeshinda WhatsApp, TikTok na miamala ya simu hafaidiki. Video za kusimama zimetengenezwa kwa umbo la simu, na kwenye kishikwambi kilicholazwa sehemu kubwa ya kioo hubaki nyeusi. Programu nyingine huvutwa tu zikawa kubwa bila kupangwa upya. Instagram, iliyoanza 2010, ilileta programu yake ya iPad Septemba 2025.

Anayeandika kurasa nyingi kila siku tunamwambia wazi afikirie kompyuta mpakato. Kuandika juu ya kioo kunachosha, na ukiongeza kibodi na kava la kusimamishia, uzito unapanda na bei inakaribia ya mpakato iliyotumika. Ila jua kwamba kibodi ya bluetooth hufanya kazi hata na simu.

Laini na pesa za simu

Hapa ndipo watu wanapojuta zaidi. Kishikwambi kilekile huuzwa kwa aina mbili, cha Wi-Fi pekee na cha laini, na kwa nje vinafanana. Kwa Samsung soma namba ya modeli nyuma ya boksi. Tab A9 yenye SM-X110 ni ya Wi-Fi, SM-X115 ni ya laini. Tab A9+ yenye SM-X210 ni ya Wi-Fi, SM-X216 ni ya 5G. Usitegemee neno la mdomo. Bonyeza *#06# kwenye sehemu ya kupigia simu: cha laini kitaonyesha IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa. Na IMEI iwe halali, maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walianza kuzima namba bandia tangu tarehe 16 Juni 2016.

iPad ina kitu kingine. Hata ile yenye laini inapokea data tu. Haipigi simu ya kawaida, haifungui menyu ya M-Pesa ya *150*00#, na ujumbe wa kawaida wa kuthibitisha benki hauingii humo. Laini yako ya pesa ibaki kwenye simu. Tena iPad ya Wi-Fi pekee haina GPS, inakisia mahali ulipo kwa mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu. Mpima ardhi, dereva au afisa ugani asiinunue hata akipunguziwa bei.

Kwa wengi, cha Wi-Fi kinatosha. Unawasha hotspoti kwenye simu na kutumia bando lilelile, bila kusajili laini nyingine. Zima masasisho ya programu yanayojiendesha yenyewe kwanza, la sivyo bando la wiki linaweza kuisha usiku mmoja, kwani kishikwambi huweza kudhani kimepata Wi-Fi ya bure.

WhatsApp iingize kama kifaa cha ziada. Kwenye simu nenda Vifaa vilivyounganishwa, chagua kuunganisha kifaa, kisha skani msimbo ulio kwenye kishikwambi. Ukiandika namba yako na kupokea msimbo wa ujumbe, simu ndiyo itakayotolewa. Vifaa vinne vinaruhusiwa, na simu yenyewe lazima ifunguliwe angalau mara moja ndani ya siku 14.

Chaji

Vishikwambi vingi vinavyoletwa kwa fundi kwa madai kwamba "havipokei chaji" ni vizima. Betri ya Tab A9+ ni mAh 7,040, kama Wh (wati-saa) 27, wakati ya simu ya mAh 5,000 ni kama Wh 19. Chaja ya zamani ya simu ya wati 5 ingehitaji zaidi ya saa 5 hata kama hakuna umeme unaopotea, na kwa kweli upo, kwa hiyo hesabu 7. Mtoto akiwa anatazama video wakati huohuo, kioo kinakula nusu ya umeme huo au zaidi, na asilimia husimama palepale. Tumia chaja ya wati 15 au 20 na waya mfupi, mnene. Waya mwembamba wa mita 2 unashusha volti hata chaja ikiwa nzuri.

Powerbank ya mAh 10,000 hutoa kiasi cha theluthi mbili ya kilichoandikwa. Itajaza simu mara moja na ushee, lakini kishikwambi hiki haitakijaza hadi juu.

Kinachokaa kaunta siku nzima kwenye umeme, washa ulinzi wa betri unaozuia chaji isifike asilimia 100. Bila hivyo betri inaweza kuvimba na kukisukuma kioo kutoka ndani. Ukiona ukingo wa kioo umeinuka, zima na usikibonyeze kirudi.

GB 512 kwa bei ya kutupa

Kishikwambi cha jina lisilojulikana kikiandikwa RAM 12 na hifadhi 512 kwa bei ya simu ndogo, kichunguze hapohapo dukani. RAM ya "4+8" ina 4 za kweli, hizo 8 zimekopwa kwenye hifadhi nazo ni za polepole. Weka programu ya CPU-Z uone prosesa halisi, maana ukurasa wa mipangilio unaweza kuandikwa chochote. Nakili faili kubwa za GB 40, kisha zifungue moja moja: hifadhi ya uongo hupokea kila kitu, halafu faili za mwisho hazifunguki. Ukitaka Netflix, programu ya DRM Info ionyeshe Widevine (ulinzi wa video dhidi ya kunakiliwa) ya daraja la L1. Ikiwa L3, hutapata picha ya HD hata kioo kiwe kizuri namna gani.

Uliza pia habari ya kioo kabla hakijavunjika. iPad ya kawaida ina kioo cha juu kilichotengana na skrini ya ndani, hivyo kikipasuka hubadilishwa peke yake. Kwenye iPad Air vimegandishwa pamoja, na mpasuko mmoja maana yake ni kubadilisha vyote viwili. Kishikwambi cha gramu 480 kikidondoka, mara nyingi hutua kwa kona, na karatasi ya kulinda kioo haisaidii kitu kwenye kona. Nunua kava lenye kona nene za mpira zinazopanda juu ya kioo, siku ileile unayonunua kishikwambi.