Shangazi, Sijakukaushia

Shikamoo Shangazi.

Natumaini miguu imepoa kidogo tangu mvua zilipokatika. Sisi huku Dar tupo, tunasukuma. Nimeona nikuandikie hapa kwa sababu najua utasoma. Wewe ndiye unayetumwagia makala kwenye grupu la ukoo kila asubuhi, chai haijachemka. Na hapa hapana tiki kama za WhatsApp. Sitajua umesoma saa ngapi, wala umerudia mara ngapi.

Nianze na lile la Februari. Uliniandikia: "Mwanangu, hujambo? Mchango wa kujengea kaburi la babu vipi?" Nilifungua nikiwa nimesimama kwenye daladala ya Mbagala, mkono mmoja kwenye bomba. Tiki zikageuka bluu, ukajua nimesoma. Kulikuwa na kijana anaitazama simu yangu kuliko ninavyoitazama mimi, nikaitumbukiza kwenye pochi, nikajisemea nitajibu nikifika. Nikafika, nikapika, nikafua sare za mtoto, nikalala. Kesho yake ukaandika kwenye grupu, bila kutaja jina: "Siku hizi watoto wanasalimiwa na wakubwa, wanakausha."

Niliumia. Badala ya kukupigia nikaomba radhi, nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, nikazizima tiki za bluu. Tangu hapo kila ulichoniandikia kikabaki na tiki mbili za kijivu, nisome nisisome. Pasaka ukaniuliza kama simu yangu ni mbovu, nikasema ni mtandao. Uongo ule naufuta leo.

Wewe nawe si mtu wa kufichwa. Ulibonyeza ujumbe wako kule kwenye grupu, ukashikilia, ikaja orodha ya waliosoma pamoja na saa, na jina langu limo. Kuzima kule hakugusi magrupu. Hakugusi hata ujumbe wa sauti: nikiusikiliza tu, kile kialama cha maiki kinageuka bluu, tiki ziwe zimezimwa au la. Aliyekufundisha hilo namshuku ni yule binamu yangu wa chuo, maana tangu Mei huandiki tena. Ni sauti tu, dakika nne nne, salamu za jirani zimo, na majogoo yako yanawika nyuma.

Unakumbuka tulipoanza kutumia WhatsApp? Bluu haikuwepo. Tiki moja ukishatuma, mbili ukishafika kwenye simu ya mwenzio, basi, japo wapo waliogombana hata wakati huo wakidhani mbili maana yake umesomwa. Bluu ililetwa Novemba 2014, na watu walilalamika hadi haukupita muda mrefu wakawekewa namna ya kuizima. Kwa hiyo ugomvi huu hatukuuanzisha sisi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kupiga hodi. Mara tatu, na kama hakuna "karibu," unageuza njia, wala hununi. Labda mwenyewe anaoga. Labda ana mgeni. Labda hana hata chumvi ya kukupikia na anaona aibu. Kuchungulia dirishani hukuniruhusu kamwe, ulinichapa kwa hilo kule kwa mama mdogo. Sasa tiki ya bluu ndiyo dirisha lile. Umepiga hodi, na ukaniona nimekaa kwenye kochi. Ulichoshindwa kuona ni kwamba nina mtoto mwenye homa mapajani.

Au kwamba sina hela. Nikwambie ukweli wote: daladala ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba mchango sikuwa nao, na nilitunga jibu mara tatu nikalifuta mara tatu, kila moja likisomeka kama la mtu anayekwepa.

Najua kwako salamu ni deni. Shoga yangu nikimwacha na bluu siku mbili tutataniana yakaisha. Kwa shangazi ni kama kusalimiwa barabarani ukageuza shingo. Hilo sibishani nalo.

Na adhabu yangu niliipata Juni. Ukizima tiki zako, za wenzako nawe huzioni, ndiyo sharti. Siku ile unarudi Songea ulipanda basi la alfajiri pale Mbezi. Saa nane mchana nikakuandikia, "Mmefika wapi?" Tiki moja. Baadaye mbili, za kijivu. Nikajua simu imepata mtandao, zaidi ya hapo giza. Amesoma amechoka kujibu? Amelala? Basi limeharibika kwenye kona za Kitonga? Bluu ningeiona ningetulia, hata bila neno. Saa tano usiku ukanipigia, umefika salama, nikakulaumu kwa kimya. Ukashangaa: "Si nilisoma? Nilijua umeona."

Jana nimeziwasha. Nilitaka niwashe kwako peke yako, haikuwezekana. Instagram unaweza kuchagua mazungumzo haya ndiyo, yale hapana. WhatsApp ni kwa wote au hakuna. Kwa hiyo mwenye nyumba naye ataziona, na mama wa kikoba. Nimekubali.

Ila nakuomba, ukiona bluu na kimya, nivumilie hadi jioni ya pili kabla hujaandika kwenye grupu. Ya kaburi nimetuma nusu leo asubuhi, iliyobaki mwisho wa mwezi. Ile sauti ya Jumamosi bado sijaifungua, ina dakika sita. Namsubiri mtoto alale.

Mwanao wa Mbagala