Wanaosafiri wawili na shanta mgongoni: tiketi inunuliwe mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wale wanaopanga kutoka nje ya nchi wawili wawili, kila mtu na shanta yake mgongoni. Ushauri wanaopewa mara nyingi ni wakate tiketi kwanza ili wasije wakaghairi, mengine yatajipa. Napinga. Tiketi ikishalipiwa inafunga tarehe, njia na jina kwa mkupuo mmoja, na zile za bei ya chini kwa kawaida hazirudishiwi fedha. Wakati huo pasipoti, viza, chanjo na uwezo wa kila mmoja kifedha, ambavyo ndivyo vinavyoamua tarehe na njia, bado havijaguswa.

Kaeni chini miezi 6 kabla, muweke pasipoti zote mbili mezani na kuzifungua. Watu wanaweza kuwa marafiki tangu chekechea na bado wakabeba pasipoti za nchi mbili tofauti, hivyo mmoja akapita mpakani bila viza na mwingine akahitaji miadi ya ubalozini. Hata zikiwa za nchi moja, tazameni tarehe ya mwisho. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Nyingine zinahesabu kuanzia siku ya kuingia, nyingine kuanzia siku ya kutoka. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, zinataka miezi 3 baada ya siku ya kuondoka, na pasipoti yenyewe iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Kurasa tupu zisipungue mbili. Wengi wanaokwama kwa mambo haya hawafiki hata kwa ofisa wa uhamiaji wa kule waendako; wanarudishwa kwenye kaunta ya shirika la ndege. Shirika likimbeba abiria asiye na hati, ndilo linalobeba jukumu la kumrudisha na mara nyingi hutozwa faini juu yake, kwa hiyo kumbembeleza mfanyakazi wa kaunta ni kupoteza muda.

Kwenye viza, safari ya wawili ina mtego wake. Viza ya Schengen huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi mtakayoingia kwanza. Maombi yapelekwe si mapema kuliko miezi 6 wala si chini ya siku 15 kabla ya safari. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kuchukua hadi 45. Bima ya matibabu isiwe chini ya euro 30,000. Sasa mmoja anaandika ratiba yake usiku wa manane, mwingine anaandika yake kesho yake kazini, na karatasi mbili zinazosema "tunasafiri pamoja" zinataja miji tofauti kwa tarehe zilezile. Andikeni ratiba moja, muitoe nakala mbili. Na zile siku 90 ndani ya 180 mnazoruhusiwa kukaa Schengen zisichukuliwe kuwa nusu mwaka wa kalenda: kila siku mnayokuwa ndani, mnahesabu siku 180 kurudi nyuma, na siku ya kuingia na ya kutoka kila moja inahesabika nzima. Kutoka nje ya mpaka na kurudi baada ya siku mbili hakufuti kitu.

Chanjo nazo zina kalenda yake. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Anayeambiwa achomwe upya kwa kuwa miaka 10 imepita anapotezewa fedha. Zipo nchi zinazokidai hata kwa mtu aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi yenye ugonjwa huo, kwa hiyo njia ya ndege peke yake inaweza kuzua sharti ambalo nchi mnayokwenda haimdai mtu anayetoka kwenu moja kwa moja. Dawa za kukinga malaria zinatofautiana. Doxycycline huanza siku 1 au 2 kabla ya kuingia eneo lenye malaria na huendelea wiki 4 baada ya kutoka. Ile ya atovaquone na proguanil huendelea siku 7 tu. Wanaoacha kumeza siku ya kurudi nyumbani ndio wanaougua wiki mbili baadaye na kushangaa.

Nije kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo urafiki unapopasukia. Swali la "una kiasi gani?" halisaidii. Kila mmoja achukue karatasi yake, bila kuchungulia ya mwenzake, aandike atakachotumia kwa siku: malazi, chakula, usafiri, viingilio. Halafu zilinganishwe. Mmoja akiwa ameandika mara mbili ya mwenzake, hiyo ni habari njema, kwa sababu imejulikana mkiwa nyumbani. Bajeti inayofuatwa iwe ya mwenye kidogo. Mwenye kingi akitaka chumba cha peke yake siku mojamoja ajilipie, wala asimgharamie mwenzake kwa ukarimu ambao atakuja kuukumbushia mbele ya safari.

Fungueni mfuko wa pamoja. Kila mtu anatia kiasi sawa, na mfuko unalipa vile tu vinavyotumiwa na wote wawili: chumba, teksi, maji, vyakula vya kupika pamoja. Vinywaji, zawadi na vocha za simu kila mtu na lwake. Ukikaribia kuisha, mnatia tena kwa usawa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kurasa chache linatosha, mradi liandikwe jioni ileile. Fungeni hesabu kabla ya kuvuka kila mpaka, maana deni la sarafu ya jana likishageuzwa kuwa la sarafu ya leo kila mmoja anakuja na kiwango chake cha kubadilishia.

Nje ya mfuko huo, kila mtu awe na akiba ya kumrudisha nyumbani peke yake. Hii haijadiliwi. Kadi za benki ziwe mbili kwa kila mtu, za benki tofauti, na zisikae pochi moja. Mashine ya kutolea fedha ikiuliza kama unataka ikukate kwa sarafu ya nyumbani, kataa, chagua sarafu ya pale ulipo. Ukikubali, kiwango kinapangwa na wenye mashine, na faida wanaiweka humo humo.

Kuna mazungumzo mengine ambayo watu huyaonea haya. Mmoja akiugua, mwenzake atasubiri siku ngapi? Tukichokana, ni sawa kila mtu akaenda njia yake siku nzima, na tunakutana wapi simu zikizima? Nani ana mzio, anatumia dawa gani, na nani apigiwe nyumbani? Yaandikeni, kila mmoja abaki na nakala.

Shanta sasa. Kwa wanaolala hosteli, lita 40 hadi 50 zinatosha. 60 na kuendelea ni za wenye hema na vyombo vya kupikia. Uzito usizidi moja ya tano ya uzito wa mwili, yaani kilo 12 kwa mtu wa kilo 60, na ukiwa chini ya hapo ndiyo vizuri. Kuivaa kuna mpangilio. Legeza mikanda yote ikiwa na mzigo ndani. Funga kwanza mkanda wa kiunoni, ukae juu ya mifupa ya nyonga wala si tumboni, ukaze. Ndipo uvute ya mabega hadi ilale bila kubana, kisha vikanda vile vidogo vya juu ya mabega vinavyoisogeza shanta mgongoni, na mwisho ule wa kifuani. Uzito mwingi ubebwe na nyonga. Mabega yakianza kufa ganzi, ama mkanda wa kiunoni umeteleza, ama mgongo wa shanta ni mrefu kuliko wako, na hapo hakuna kukaza kutakakosaidia. Ndiyo maana shanta ya kuazima kwa mtu mrefu ni balaa. Ndani, mfuko wa kulalia ukae chini kabisa, vizito viwe katikati vikiugusa mgongo. Vikikaa mbali na mgongo vinakuvuta nyuma, nawe unainama mbele kufidia mpaka kiuno kinalalamika.

Uzuri wa kuwa wawili ni kugawana mzigo: kitambaa cha hema kwa mmoja, nguzo na vigingi kwa mwingine, jiko moja, chujio moja la maji. Lakini tochi, dawa, maji, nakala za pasipoti na nguo ya baridi havigawanywi. Basi likiondoka na mmoja wenu, kila upande uweze kulala salama usiku huo. Mitungi ya gesi ya jiko hairuhusiwi kwenye ndege, mkononi wala kwenye mizigo; nunueni mtakakofika. Betri ya akiba ya simu hubebwa mkononi tu, na mpaka wa kawaida ni wati-saa (kipimo cha nishati) 100. Kupata wati-saa, zidisha mAh (ujazo ulioandikwa kwenye betri) kwa volti 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya mAh 20,000 ni 74, inapita, ya 30,000 ni 111, inahitaji kibali cha shirika.

Kabla ya kulipa chochote kikubwa, tembeeni siku mbili na shanta zilizojaa, mlale huko. Viatu vipya vinavyotoa malengelenge vitajulikana, na soksi za pamba zinazoshika jasho pia. Kukoroma nako hakuandikwi kwenye pasipoti.

Bima isomwe sehemu ya visivyolipiwa. Nyingi zina kikomo cha urefu wa mlima, na nyingi hazimlipi aliyeanguka na pikipiki bila leseni ya pikipiki.

Hapo ndipo tiketi inunuliwe. Majina yawe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye pasipoti. Wote wawili muwe kwenye namba moja ya uhifadhi wa nafasi, ili ndege ikifutwa mhamishwe pamoja. Epukeni kuunganisha tiketi mbili zisizohusiana: ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kuwasubiri, na mara nyingi mtalazimika kuchukua mizigo na kuingia nchi ya katikati, jambo ambalo linaweza kudai viza yake. Mwisho, tazameni saa. Tiketi iliyoandikwa 00:20 tarehe 14 ni saa 6 na dakika 20 usiku wa kuamkia tarehe 14. Mnakwenda uwanjani jioni ya tarehe 13.

Msomaji wako