Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kazi, Ada na Suala la Homoni

Mlezi wetu, wanakamati wenzangu, na nyinyi wanachama wachache wa chama chetu cha wafugaji wa hariri mliofika,

Mengi ya mwaka huu mnayajua. Miforosadi ya kulishia viwavi ilipaliliwa, mayai ya nondo wa hariri yaligawanywa misimu yote mitatu, mafunzo ya usafi wa vyumba vya viwavi yalifanyika, wageni wa kaunti walikuja wakala wakaondoka. Mapato yalikuwa Sh 612,000, matumizi Sh 571,000, na salio liko benki. Mweka hazina atasoma vifungu. Nauli zangu za kufuata wanunuzi Nairobi, pamoja na kredo ya simu, hazimo humo. Nilitoa mfukoni mwangu na sijadai.

Sasa lile lililonifanya nipigiwe simu hadi saa nne usiku. Kuna maneno yanazunguka kwamba mwenyekiti alinunua “maji ya Mchina” kwa Sh 38,000 bila idhini. Idhini ilikuwepo. Kamati ilipitisha, kumbukumbu zimetiwa sahihi, na wanaolalamika zaidi ndio hawakuja kikaoni. Asiyekuwapo na lake halipo.

Na si maji, ni homoni ya viwavi. Kiwavi wetu hujivua gamba mara nne kabla ya kusokota, na kila mara huamriwa na homoni iitwayo ekdisoni, ambayo mwili wake huigeuza kuwa ekdisteroni yenye nguvu zaidi. Homoni hiyohiyo, mwishoni mwa rika la tano, yaani kipindi cha baada ya kujivua gamba mara ya nne, ndiyo humfanya aache kula atafute mahali pa kusokota. Kero yetu sote ni kwamba hawaivi pamoja. Wengine wanasokota leo, wengine keshokutwa, na mama mwenye trei kumi anakesha akiwaokota mmojammoja. Ukinyunyizia majani homoni kidogo pale wale wa kwanza wanapoanza kusokota, wengine huwafuata upesi. Wafugaji wa India na China wanafanya hivyo, sikubuni mimi.

Tuliyonunua imetolewa kwenye mmea, Cyanotis arachnoidea, ambao mizizi yake ina ekdisteroni nyingi. Wanaouliza kwa nini isitolewe kwa mdudu mwenyewe wasikie hili: mwaka 1954 Wajerumani Butenandt na Karlson walisaga kilo 500 za pupa (wadudu walio ndani ya kifukofuko kabla ya kuwa nondo) wa nondo hawahawa wetu wakapata miligramu 25 tu. Umbo la molekuli likajulikana 1965. Mwaka uliofuata, Koji Nakanishi na wenzake wakapata homoni ya jamii hiyo, ponasteroni, kwenye majani ya mti wa Podocarpus nakaii wa Taiwan, ndugu wa mti wa podo wa misitu yetu ya milimani. Baada ya hapo ikaonekana kwenye kangaga na mimea mingine mingi. Inasemekana mimea hujilinda nayo dhidi ya wadudu wanaoila.

Hapo ndipo hoja ya wapinzani wangu inapoingia: kama iko kwenye mimea, si tuchemshe ajuga, ule mmea wa wanjiru wa rurii unaoota kando ya njia, bila kulipa senti? Nimeshajibu mara nyingi, leo najibu kwa maandishi. Mmea huo, Ajuga remota kwa jina la kitaalamu, una homoni hizo kweli, lakini hazikai peke yazo. Mwaka 1976 Isao Kubo, Nakanishi na wenzao walitenga kwenye majani yake vitu vichungu walivyoviita ajugarini, na viwavijeshi wakipakiwa hivyo kwenye jani hawaligusi. Miaka ya 1980 Kubo na Klocke wakaonyesha kilichobaki: viwavi waliolishwa homoni za ajuga kwa wingi walianza kujivua gamba wakashindwa kumaliza. Ganda la kichwa cha zamani lilibaki limeziba mdomo, jipya likaota chini yake, mdudu akawa kama ana vichwa viwili au vitatu, akafa njaa.

Kwa hiyo mchuzi wa ajuga una kinachomzuia kiwavi kula na kinachomuua akila. Mwanachama mmoja, anajijua, aliupuuza ushauri wangu akachemsha sufuria nzima. Trei zake nne tuliziona wote. Kuitenga homoni ni kazi ya maabara: majani makavu huloekwa kwenye methanoli, mafuta huondolewa kwa heksani, kinachobaki huvutwa kwa butanoli, kisha hupitishwa kwenye safu za silika na mashine ya kromatografia hadi kila kitu kitoke peke yake. Jikoni hayo hayafanyiki.

Kuhusu vifukofuko vyepesi vya hariri vya msimu wa tatu, ambavyo homoni inalaumiwa, niliandika ubaoni kwa mkono wangu: subirini wa kwanza waanze kusokota. Wapo walionyunyiza siku mbili mapema kwa sababu walikuwa na harusi. Kiwavi akiivishwa kabla ya kushiba, hariri itatoka wapi? Nilinunua homoni, sikununua subira.

Hofu ya wazee kwamba itadhuru watu imetiwa chumvi. Binadamu hana kipokezi cha homoni hii, yaani sehemu ya seli ya kuipokea ifanye kazi, na spinachi halisi (si ile ya majani mapana tunayouziwa sokoni) imejaa nayo. Vijana waliotaka tuiuze kama dawa ya misuli nawakatalia tena. Shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni limeiweka chini ya uangalizi tangu 2020, na chama hiki ni cha hariri.

Mahudhurio yanatia aibu. Tuko 84 kwenye rejista, leo nahesabu 31, na kati yao kuna waliofika baada ya chai kunukia. Waliomaliza ada ni 19. Wengine wanadaiwa miaka mitatu, ilhali mayai wanapokea na lawama wanatoa bure.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutatafuta mashine ya kuvuta uzi, na huenda chuo kikuu kimoja kikakubali kutupimia ajuga yetu. Mazungumzo yapo.

Majina ya wadaiwa yamebandikwa mlangoni. Mweka hazina atakaa na kitabu cha risiti hadi saa kumi.