Mjomba, kabla hujaloweka udongo wa ghala la babu

Shikamoo Mjomba.

Mama ameniambia kwamba kiangazi hiki unaangusha kuta za ghala la pamba la babu, udongo ulowekwe upya na kufyatuliwa matofali ya nyumba ya wanao. Sikuandikii kukuzuia. Udongo ule ulishachaguliwa na kukanyagwa vizuri mara moja, na babu mwenyewe angefanya vivyo hivyo. Ninachokuomba ni asubuhi moja ya kukaa nami pale kabla jembe halijagusa ukuta. Sababu yake ni mlango ule uliozibwa.

Naandika hapa hadharani kwa kuwa kuanzia Magu kuzunguka ghuba yote ya Speke kuna magofu ya namna hii, kila moja lina mjomba wake, na kila masika yanapungua.

Mwezi Julai nilikaa pale siku nne nikipima. Majirani walidhani natafuta mali ya Mjerumani, nikawaonyesha michoro yangu wakatulia. Sikuchimba popote: kuchimba kwa utafiti kunahitaji kibali cha Idara ya Mambo ya Kale, na nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kimesimama juu ya ardhi. Nilikuwa na tepu, kamba, timazi, mpira wa maji wa kupimia usawa na karatasi ya miraba. Ghala lina urefu wa mita 9 na sentimita 40, upana mita 4 na sentimita 20. Nilivuta tepu kutoka kona hadi kona, mara mbili kwa kukingamana, vipimo vikatofautiana kwa sentimita 3 tu. Aliyelijenga alijua kazi.

Mabati yalipong'olewa ndipo kuta zilipoanza kufa. Tofali bichi halina ubishi na mvua: juu linamomonyoka, na chini maji yanayoruka kutoka ardhini yanakula ukuta hadi unakonda kama shingo, kisha siku moja unalala. Ukuta wa magharibi umeshalala. Ule unaotazama ziwa bado umesimama, umenifika kifuani, na ndio wenye mlango.

Nilipiga magoti mbele yake nusu siku nzima. Matofali ya ukuta wenyewe ni ya kijivu, udongo wa mbuga, kalibu ya sentimita 30 kwa 15. Ya kuzibia mlango ni mekundu na mafupi, sentimita 26. Pembeni hayakushikana na ukuta; unaweza kuingiza kisu kati yao kuanzia juu mpaka kwenye kizingiti. Kwa hiyo ukuta ulitangulia na mlango ukazibwa baadaye. Hilo fundi yeyote angekuambia. Lakini tazama walichochanganya kwenye udongo. Katika tofali la kijivu lililovunjika nilikuta mbegu za pamba, tatu, bado zina manyoya yake ya kijivu, zimelala humo kama zilidondoka jana. Katika yale mekundu hakuna hata moja. Yamejaa pumba za mpunga.

Mama anasema babu alijenga miaka ya ushirika, baada ya 1955, wakulima wa pamba walipochoshwa na mizani ya wanunuzi wakaungana katika shirikisho la vyama vya ushirika, Victoria Federation of Cooperative Unions ya Paul Bomani. Mbegu zile zinakubaliana naye: pamba ilikuwepo nyumbani wakati matofali yanafyatuliwa. Mlango umezibwa na watu waliokuwa wakivuna mpunga. Ni mwaka gani shamba lile la bondeni liligeuzwa kuwa majaruba, Mjomba? Wewe ndiye uliyebaki unayejua.

Mwanzoni nilidhani ni ziwa. Kati ya 1961 na 1964 maji ya Viktoria yalipanda zaidi ya mita 2, na mlango unaotazama maji ungeweza kuzibwa kwa hofu hiyo. Nikapima kwa mpira: kizingiti kiko juu mno, maji yale yasingekaribia. Nikafikiria 1974, Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa kutoka kwenye kaya zao zilizotawanyika wakapelekwa vijijini. Hapo kuna jambo lililonisumbua zaidi. Upande wa ndani ukuta una masizi, na masizi hayo yamepita juu ya matofali mekundu pia. Kwenye kona, chini ya kifusi, yanachungulia mafiga mawili. Kuna mtu alipika humo mlango ukiwa umeshazibwa. Mtu aliishi ndani ya ghala la babu, na katika ukoo wetu sijawahi kumsikia anayetajwa kuishi pale.

Kama ni jambo la kusitiriwa, niambie mimi peke yangu, na halitaandikwa. Kama ni mtu tuliyemsahau tu, ningependa jina lake liandikwe kwenye mchoro, pale kwenye mafiga.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ghala letu halikaribii huko. Hakuna ofisa atakayekuja kukuzuia, na hakuna atakayekuja kulichora. Tumebaki mimi na wewe.

Nitakuwa pale Jumamosi ya kwanza ya Septemba, alfajiri, kwa sababu jua likiwa chini mwanga unapita kwa ubavu na kila alama ya ukutani inaonekana. Tofali moja jekundu na moja la kijivu nimeshayaweka pembeni chini ya kipande cha bati. Hayo mawili naomba usiyaloweke. Mengine yote ni yako. Nitakuja na michembe na chupa ya chai, wewe njoo na fimbo yako unionyeshe njia ya zamani ilikuwa inaingilia wapi.

Mpwa wako.